Kahawa Ndani ya Kibuyu cha Maziwa

Mama alitia buni zangu ndani ya kibuyu cha maziwa bila kuniuliza. Nilikuwa nimezikaanga kwenye chungu, nikizigeuza mpaka mkono ukafa ganzi, kisha nikaziacha kwenye ungo zipoe na zipumue. Nilipotoka kuoga nikakuta ungo mtupu, na mama anakaza kifuniko cha kibuyu kwa kiganja.

"Ulitaka kuzitia kwenye plastiki," alisema. "Plastiki inanuka. Humu kitu hakiharibiki."

Kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Unachoma vijiti vya mti unaofaa, unatumbukiza makaa yake ndani, unatikisa, unafunika, moshi unatulia humo. Maziwa yakiingia yanakaa siku nyingi, na yanapata harufu ambayo mtu wa kwetu akiishi mbali huikumbuka kabla hajakumbuka sura za ndugu zake. Mama aliendelea kukifukiza kibuyu kile kila wiki hata baada ya kiangazi kutulazimisha kuuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine, mpaka maziwa yakaisha nyumbani, wakabaki maksai wawili tu wa kulimia. Sikuwahi kumuuliza anakifukiza kwa ajili ya nini.

Na sasa hao maksai wawili walikuwa wameibwa, na baba, mjomba na mimi tulikuwa tunajiandaa kuwafuata.

Najua inavyoonekana kuwaza kahawa asubuhi kama ile. Naomba nieleze nilivyo. Mimi ni mtu anayeogopa kukosea. Shuleni nilikuwa nafuta jibu sahihi mpaka karatasi inatoboka. Kahawa nilijifunza mwenyewe, kwa kuangalia video kwenye simu, katika mkoa ambao watu wanakunywa chai, na wanaokunywa kahawa wanainunua kikombe kidogo kwa mzee mwenye birika pale stendi. Niliwahi kufungua meza yangu ya kahawa mjini Bariadi. Mteja akisubiri, mimi nikiona maji yamechemka kupita kiasi, namwaga, naanza upya. Mteja anaondoka. Meza haikumaliza hata msimu mmoja. Nilirudi nyumbani kwetu upande wa Mwamapalala na mashine ndogo ya kusagia ya mkono, kitambaa cha kuchujia nilichokishona mwenyewe, na aibu. Baba hakuniuliza kitu. Alinipa jembe.

Kwa hiyo mtu akiniambia tunakwenda kulala porini, cha kwanza kunijia kichwani ni maji yatakuwaje, moto utakuwaje, nitasagia wapi. Mawazo yangu yana tabia ya kukimbilia kitu kidogo ninachoweza kukishika. Kile kikubwa nakiacha kisimame nyuma yangu.

Kikubwa kilikuwa hiki: mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga, ukikauka unapasuka, ukilowa unashika mguu kama gundi. Mvua za kwanza zikipiga una siku chache za kulima, na bila maksai hulimi pamba wala mahindi, unaparua ua wa nyumba. Baba alikuwa na shamba, alikuwa na plau, alikuwa na nira ikining'inia ukutani. Alikuwa hana wa kuvuta.

Yowe lilipigwa alfajiri ile maksai walipogundulika hawapo, na wanaume wa kijiji walifuata nyayo mpaka mwisho wa kata yetu. Hapo wengine walirudi, kila mtu na shamba lake. Hakuna aliyewalaumu. Sheria ya kufuata nyayo kila mtu kwetu anaijua: nyayo za ng'ombe wa wizi zikiingia kwenye kijiji, wanakijiji wanaamka wote na kutafuta zilipotoka kwenda mbele. Wakizionesha zimetoka, mzigo unahamia kijiji kinachofuata. Wakishindwa kuzionesha, ng'ombe wako kwao, watawalipa. Ndiyo maana mtu mmoja maskini anaweza kuwafuata wezi wenye silaha. Hafuati wezi, anafuata kijiji kitakachobanwa.

Nyayo zenyewe zilikuwa rahisi kuzitambua. Maksai wetu mwekundu alikuwa na ukwato wa mbele uliopasuka, unaacha alama kama herufi iliyokatwa. Nyuma ya kwato kulikuwa na alama za katambuga, viatu vile vya tairi.

"Shemeji," mjomba alimwambia baba siku ya kwanza, akiwa amechuchumaa juu ya alama. "Mwizi tumempata."

"Nani?"

"Wewe. Hebu weka mguu hapa."

Baba aliweka mguu. Katambuga lake likaenea mle mle.

"Mmeona? Mtu kajiibia ng'ombe anatuzungusha na jua." Mjomba akanigeukia. "Mpwa, mkamate baba yako, mimi ni mnyonge."

Baba alicheka kidogo, kwa pua. Kilikuwa kicheko chake cha mwisho nilichokisikia kwa muda mrefu, na naona nimekihifadhi kwa sauti yake kamili.

Tulilala kwenye korongo, chini ya turubai. Alfajiri niliamka kabla yao, nikapanga mafiga, nikachagua kuni kavu zisizo na maganda ili moshi usiwe mwingi. Nilifungua kibuyu.

Sikuhitaji kuonja. Harufu ya moshi ilitoka pamoja na harufu ya samli ya zamani iliyokolea kwenye kuta za kibuyu, na kahawa yangu ilikuwa huko chini, mbali, kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima. Kahawa hufyonza kila harufu iliyo karibu. Nilisaga hata hivyo. Nilisaga polepole, nikiomba. Nilisubiri maji yaliyochemka yatulie kidogo, nikamimina kwa kuzungusha, nikaangalia unga ukivimba. Ulivimba vizuri. Hilo liliniumiza zaidi, kwamba kila kitu nilikifanya sawasawa.

Mjomba alionja, akatazama ndani ya kikombe cha bati.

"Mpwa. Hii ni kahawa, au ni mtindi uliofiwa?"

"Ni kibuyu, mjomba. Mama kaitia kwenye kibuyu."

"Dada yangu asisingiziwe. Wewe ndiye umechemsha."

Nilitaka kuimwaga. Nilinyosha mkono kwa baba nichukue kikombe chake, lakini kilikuwa kitupu. Alikirudisha mikononi mwangu, akasimama, akaanza kutafuta nyayo.

Siku ile yote nilihangaika na buni zile. Tulipopumzika nilizianika juu ya shuka langu kwenye upepo. Nilizisugua kwa kitambaa. Maji ya dumu yalipokwisha tulikuta mto mkavu, na mjomba akachimba mchanga kwa mikono mpaka maji yakajikusanya, nami nikayaonja mara tatu nikihofia chumvi, maana huko kuelekea Meatu kuna maji ambayo hata sabuni inayakataa.

"Anaonja kama mganga," mjomba alimwambia baba.

"Mwache," baba alisema.

Mfukoni, ndani ya karatasi ya khaki niliyoikunja mara nyingi, nilikuwa na buni nyingine. Hizo mama hakuziona. Zilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kuzikaanga, konzi moja tu ya mkono, na nilikuwa nimeamua kimya kimya kwamba nitazisaga siku tutakayowapata maksai. Nilijipangia mpaka picha yake: wamefungwa kwenye mti, wanacheua, baba amekaa na kikombe. Kila mwenye hofu kama yangu atanielewa. Unadhani ukiiandaa furaha kwa makini sana, italazimika kuja.

Kuhusu picha za simu, nilipiga moja ya unyayo wa ukwato uliopasuka. Jua lilikuwa limeinama na tulikuwa tunakwenda haraka. Nilipiga nikitembea.

Jioni nyayo zilikuwa mbichi. Kinyesi chao kilikuwa bado laini ndani. Mchungaji mmoja tuliyekutana naye alituonesha kwa fimbo moshi wa kijiji upande wa Lingeka, akasema hakuna njia nyingine ng'ombe wangepita. Baba alisimama akiuangalia ule moshi mpaka giza likaufuta. Kesho asubuhi, nyayo zikiingia pale, shauri lingekuwa la wale wa pale. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke, nilimwona amelala chali, kama mtu aliyetua mzigo.

Alfajiri nilitengeneza kahawa kutoka kwenye kibuyu, ile ile yenye moshi, kwa sababu ile ya kwenye karatasi ilikuwa ya baadaye. Mjomba alikunywa amebana pua kwa utani. Baba alikunywa akamaliza, halafu akafanya kitu ambacho hajawahi kunifanyia. Alininyoshea kikombe.

"Ongeza."

Nilidhani sikusikia.

"Niongeze, ng'wana wane. Inanuka kwetu."

Baba yangu haombi kitu. Hata chumvi haombi, hula bila chumvi. Nilichochea moto upya, nikasaga upya, nikamimina kwa uangalifu wangu wote. Akakaa anakunywa taratibu. Mjomba alikuwa amesimama anaangalia mashariki.

"Shemeji. Lile wingu."

"Naliona."

"Linakuja huku."

"Naliona," baba alisema, na akaendelea kunywa.

Tulipoanza kutembea upepo ulikuwa umeshabadilika. Tulitembea, kisha tukakimbia, baba mbele na turubai begani. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yanachimba vishimo kwenye vumbi, na kwa muda mfupi bado uliweza kuona kwato katikati ya vishimo. Baba alishusha turubai, akalitandaza juu ya alama moja, akalala juu ya kingo zake maji yasiingie. Mjomba naye akalalia upande mwingine. Mimi nilisimama. Sikujua nishike wapi nisiharibu. Maji yakapita chini, kwa chini kabisa, kama yanavyopita siku zote, na tulipofunua turubai palikuwa tambarare, peusi, panang'aa.

Mvua ile tuliiomba kanisani miezi yote ya kiangazi.

Tulifika kijijini tukiwa tumelowa. Watu walikuwa wanatoka na majembe na maksai wao, wanacheka, wanaitana, kila nyumba imechangamka kama sikukuu. Mwangaluka, mwangaluka, wanasalimiana asubuhi njema. Tulipelekwa kwa kamanda wa sungusungu wa pale, mtu mzima mwenye koti la mvua, anafunga nira wakati anatusikiliza. Baba alieleza kwa Kisukuma, kwa heshima, kuanzia mwanzo. Kamanda alimaliza kufunga fundo.

"Pole sana, kaka. Sasa nioneshe ziliingilia wapi nami nipige filimbi."

"Mvua imefuta."

"Zilifika kwenye mpaka wetu kabla ya mvua?"

Baba hakudanganya. "Zilikuwa zinakuja."

"Zinakuja si kuingia."

Hapo nilisema nina picha. Sijui sauti ilitoka wapi. Kamanda alifuta mikono kwenye suruali, akaichukua simu yangu, watu wakasogea. Nilikuwa nimeifungua kwenye picha za karibuni lakini kidole chake kilikuwa na maji, picha zikawa zinakimbia.

"Hii nini?"

"Kahawa."

"Hii?"

"Hiyo nayo kahawa. Ni unga wake ukivimba."

"Na hii, matope?"

"Kahawa, mzee."

Kijana mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Kamanda aliendelea kusukuma kwa kidole. Vikombe vyangu vyote vilipita, vya Bariadi na vya nyumbani, kila kimoja nimekipiga kwa pembe tofauti, kwa mwanga wa asubuhi, vimetulia, wazi kama vimechongwa. Kisha ukatokea unyayo. Ulikuwa umefifia na kupinda, nusu yake ni kivuli changu mwenyewe. Ungeweza kuwa wa ng'ombe yeyote, kwenye ardhi yoyote, mwaka wowote.

Kamanda aliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kutusaidia. Alimwonesha jirani yake, jirani akatikisa kichwa.

"Kijana," aliniambia kwa upole, na ule upole bado unanichoma, "nyayo haiji kwenye simu. Nyayo inakaa chini. Nikiwaamsha watu hawa leo, siku ya kulima, nikawaambia walipe ng'ombe wa kwenye simu, watanipiga mimi."

Alinirudishia. Mkewe alitutolea uji na matobolwa, viazi vile vilivyochemshwa vikakaushwa, tukala kwenye baraza huku tukiangalia maksai wa watu wakishuka shambani, wawili wawili. Baba aliiangalia kila jozi miguuni. Nikajua anatafuta ukwato uliopasuka. Hakuuona. Tuliaga, tukashukuru, wabeja, wabeja sana, tukaondoka.

Mjomba aliniambia njiani, baba akiwa mbele, kwamba hata tungeondoka gizani tusingefika kabla ya mvua ile. Alinionesha umbali kwa mkono. Siku nyingine namwamini. Siku nyingine naamka nikiwa nimeinama juu ya moto ule, nasaga kikombe cha pili, na wingu lipo.

Na mara nyingine nafikiri baba alijua, alipokuwa amekaa pale. Kwamba alikwishakokotoa kila kitu kichwani, kasi ya wingu na miguu yetu, akaona jibu, akaomba aongezewe. Sijathubutu kumuuliza.

Tulilala tena njiani. Turubai lilikuwa limekinga maji mengi kwenye mkunjo wake, maji ya mvua, safi, hayana chumvi wala udongo. Kilichonijia ni kwamba hayo ndiyo maji niliyokuwa nayatafuta siku zote. Nilitoa karatasi ya khaki kutoka mfukoni. Ilikuwa imelowa nje, ndani buni ziko kavu.

"Hizo ulizificha?" mjomba aliuliza.

"Nilizitunza."

"Za nini?"

Nilianza kusaga.

Sitajisifu. Nitasema tu kwamba ilitoka. Yote niliyoyasoma na kuyarudia kwa miaka yalikaa mahali pake bila mimi kuyalazimisha, labda kwa sababu sikuwa na hamu tena ya kuyalazimisha. Ilikuwa nyepesi na tamu, na mwishoni ikabaki mdomoni kitu kama ukwaju ulioiva. Nilipoonja nilitaka kulia, kwa kuwa nilielewa kwamba sitaipata tena, na kwamba nilikuwa nimeitengeneza siku hii.

Mjomba alikunywa. Utani ulikuwa umemwishia.

Baba alionja. Alikishika kikombe mikononi kwa muda, akaonja tena, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha pale asubuhi.

"Hii haina kitu," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Akakiweka chini karibu na jiwe, akajifunika, akalala akitazama upande wa pili. Kikapoa pale. Nilikimwaga mimi.

Mama alituona tangu mbali, tukivuka mtoni watu watatu. Hakuja kutupokea. Alipika, akaweka maji ya kuoga, akapokea turubai, akapokea dumu. Hakumuuliza baba chochote, na baba aliingia ndani kwa mlango ule wenye nira ukutani, akapita chini yake ameinamisha kichwa, ingawa mlango si mfupi kiasi hicho.

Mama alinifuata jikoni akiwa na kibuyu. Alikitikisa karibu na sikio.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha, mayu."

"Zilikaa vizuri humu?"

Nilimwangalia. Alikuwa anauliza kweli. Kati ya vyote alivyoviandaa kwa safari ile, hicho ndicho alichokuwa na uhakika nacho.

"Baba aliomba aongezewe," nilisema.

Mama alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyelipwa sehemu ya deni lake.

Msimu ule tulilima kwa jembe la mkono kile kipande cha karibu na nyumba, mahindi kidogo, pamba hatukupanda. Sehemu kubwa ya mbuga baba alimkodishia mtu wa Dutwa, na sasa tunaamka tunamsikia akiwafokea maksai wake kwenye mifereji yetu. Baba huenda kusimama pembeni na kutazama. Anatazama miguu yao, nadhani, hata sasa. Mashine ya kusagia iko kwenye sanduku langu na sijaitoa.

Wiki iliyopita nilimkuta mama uani, amechoma vile vijiti vyake. Alitumbukiza makaa ndani ya kibuyu, akatikisa, akafunika kwa kiganja, moshi ukitoka katikati ya vidole. Kibuyu hakina kitu. Nilichuchumaa nikamsaidia kukishika kisipinduke, mpaka kikapoa.